Popo hawasomi mipaka ya viwanja: barua ya wazi kwa mnaotia saini vibali vya ujenzi

Kwa waheshimiwa madiwani, maofisa mipango miji na yeyote ambaye mhuri wake hugeuza kichaka kuwa mtaa,

Nianze kwa kukiri. Nyumba ninayoishi imejengwa mahali palipokuwa na vichaka. Sikuwepo tingatinga lilipopita, lakini nimelala usingizi mnono juu ya kazi yake kwa miaka mingi, kwa hiyo msinichukulie kama mtu mwenye mikono misafi. Wala siandiki kuwaambia msijenge. Vijana wanatafuta pa kuanzia maisha, na mtu anayefunga lango mara tu baada ya yeye mwenyewe kuingia hana haki ya kusikilizwa. Ninachotaka kuzungumza nanyi ni hesabu. Namna mnavyohesabu.

Mtaani kwetu umesimikwa ubao wa tano wa notisi ya ujenzi. Nimezisoma taarifa za miradi yote mitano, ukurasa kwa ukurasa. Kila moja inasema jambo lile lile kwa maneno yaliyobadilishwa kidogo: mradi huu, ukitazamwa wenyewe, hautakuwa na athari kubwa kwa wanyama wala kwa mandhari ya eneo. Na kila moja, kwa upande wake, inasema kweli! Kukata miti minane hakulimalizi kundi la popo. Kufukia kidimbwi kimoja hakuwamalizi vyura. Ukuta mmoja mrefu haumzuii kalunguyeye kufika anakokwenda, atauzunguka. Lakini sentensi hiyo sasa imetiwa saini mara tano, na hakuna meza hata moja ambapo majibu hayo matano yamewekwa pamoja yakajumlishwa. Haba na haba hujaza kibaba. Tunasahau kwamba haba na haba ndiyo pia hukimaliza.

Mwaka 1967 wanasayansi wawili wa Marekani, Robert MacArthur na Edward O. Wilson, walitoa nadharia waliyoipata kwa kuchunguza visiwa: kisiwa kikiwa kidogo, na kikiwa mbali na bara, hubeba aina chache za viumbe. Linaweza kuonekana jambo la mabaharia. Ila kichaka kilichozungukwa na nyumba nacho ni kisiwa, na mwaka 1979 mwanabiolojia wa Marekani, Thomas Lovejoy, alipata nafasi ya kulipima jambo hilo nchi kavu, katika msitu wa Amazon karibu na Manaus nchini Brazil. Sheria iliwataka wafugaji waliokuwa wakifyeka msitu wabakize nusu yake. Lovejoy akaomba kwamba sehemu ya msitu unaobaki iachwe katika vipande vya mraba, vya hekta 1, hekta 10 na hekta 100. Kisha yeye na wenzake wakaanza kuhesabu, na kazi hiyo ikaendelea kwa miongo. Hata katika vipande vya hekta 100, ambavyo kwa macho ya mtu wa mtaani ni pori la kupotelea, nusu ya aina za ndege wanaoishi chini ya miti mirefu ilitoweka ndani ya miaka isiyofika 15. Hakuna aliyewapiga manati. Na kilichowazuia ndege wengine kuja kujaza nafasi hizo hakikuwa bahari: kwa baadhi yao, uwazi wa mita 80 ulitosha kuwa mpaka usiovukika.

Mita 80. Chukueni upana wa barabara ya mtaa, ongezeni nyumba za pande zote mbili pamoja na nyua zake, halafu mtazame mmefika wapi.

Si kila kiumbe ni mwoga kama ndege wa Amazon, najua. Kunguru anatupenda. Panya anatupenda zaidi. Hao hubaki, na ndiyo maana afisa anaweza kufika kwenye kiwanja, akasikia mlio wa ndege, akaandika kwamba ndege wapo. Wapo, lakini ni wale wale walioko kila mahali. Mitaa ya dunia inafanana kwa vigae, kwa rangi ya mageti, na sasa imeanza kufanana hata kwa wanyama.

Kama Amazon ni mbali mno, tazameni Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946. Upande wa jiji ina uzio. Upande wa kusini iliachwa wazi kwa sababu nyumbu na pundamilia wake hawakuwa wa hifadhi peke yake: mvua ziliponyesha walitoka kwenda tambarare za Kitengela na kwingineko, kiangazi kikawarudisha. Ardhi ile ya nje ikagawanywa. Huyu akauza, yule akajenga, mwingine akaweka seng'enge kulinda alichonacho, na nani angemlaumu? Hakuna siku ambayo mtu aliketi mahali akaamua kuufunga ushoroba ule, yaani ile njia ya wanyama. Ulizibwa kwa uzio mmoja mmoja, kila mmoja halali, na idadi ya nyumbu wanaokuja na kwenda ikaporomoka. Kuanzia mwaka 2000 ukawepo mpango wa kuzilipa familia kwa kila ekari iliyoachwa bila uzio wala kugawanywa. Waliouanzisha walielewa jambo ambalo taarifa zenu tano hazijalielewa: nafasi kati ya kiwanja na kiwanja ni mali, ina thamani, na ikikosa wa kuitetea itachukuliwa.

Singapore nayo ililipia somo hilo kwa saruji. Barabara kuu iliyofunguliwa mwaka 1986 ilikata msitu mmoja ukawa vipande viwili. Mwaka 2013 likakamilika daraja juu ya barabara hiyo, daraja ambalo halina lami wala gari, limepandwa miti, upana wake mahali pembamba kabisa ni kama mita 50. Baadaye kamera zilimnasa kakakuona akivuka taratibu kama mwenye nyumba. Ni habari njema na inapendeza kuisimulia, ila mimi huwa nabaki na ile miaka 27 katikati. Mstari uliochorwa mezani kwa wino ulihitaji miaka 27 na daraja zima kurekebishwa.

Sasa turudi kwenye taarifa zenu, kwa sababu kuna jambo ndani yake linalonikera kuliko yote.

Mchunguzi wa viumbe alikuja mtaani mara moja. Nilimwona. Alikuwa kijana mwenye adabu, alibeba ubao wa kuandikia na darubini, na alifika asubuhi jua likiwa limeshapanda, katikati ya kiangazi. Kabla ya saa sita alikuwa ameondoka. Simlaumu, alifanya alichotumwa. Lakini saa hizo bundi amelala. Popo wamening'inia ndani ya mti wakingoja giza. Kalunguyeye amejikunja chini ya majani makavu. Vyura wa kidimbwi cha msimu wamejizika kwenye tope lililokauka na hawatatoa sauti mpaka mvua ya kwanza. Ndege wahamaji wako bara jingine. Kwenda kiwanjani saa nne asubuhi ya kiangazi kuuliza nani anaishi pale ni sawa na kugonga mlango wa mlinzi wa usiku mchana, ukakosa jibu, ukaandika kwamba nyumba haina mtu. Taarifa ilisema «hakuna aina zenye umuhimu zilizoonekana». Nalipenda sana lile neno *zilizoonekana*. Limebeba mzigo wote wa taarifa peke yake.

Halafu kuna miti. Mchoro unaahidi kwamba kwa kila mti mkubwa utakaokatwa itapandwa mitatu. Kwenye karatasi tumepata faida. Ila mti mchanga na mti mzee si kitu kimoja chenye ukubwa tofauti. Kinachowaleta bundi, popo na nyuki kwenye mti mzee ni pango: tawi lilivunjika, maji yakaingia, kuvu wakala moyo wa mti, pakabaki tundu. Huwezi kulipanda tundu. Nchini Australia, ambako jambo hili limechunguzwa sana, takriban aina 300 za wanyama wenye uti wa mgongo hutumia mapango ya miti, na yale makubwa mara nyingi huchukua zaidi ya miaka 100 kutokea. Miche mitatu inayoshikiliwa na vijiti itakuwa na kitu cha kumpa bundi wakati wajukuu wa wajukuu zetu wameshazeeka. Katikati pale bundi afanye nini? Mchoro haujasema.

Watu wengi hudhani madhara yanaisha tingatinga likiondoka. Hapana, ndiyo kwanza nyumba inaanza kazi. Kioo, kwa mfano. Ndege haoni kioo, anaona mti ulioakisiwa ndani yake, na anaukimbilia. Watafiti waliokusanya takwimu za Marekani walikadiria mwaka 2014 kwamba ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 hufa kwa kugonga majengo kila mwaka nchini humo. Tunafikiri wauaji ni yale majengo marefu ya vioo yanayong'aa katikati ya jiji. Kwa hesabu yao, majengo hayo marefu hayafiki hata asilimia 1 ya vifo. Karibu nusu, asilimia 44, ni nyumba za kawaida za kuishi, zenye ghorofa moja mpaka tatu. Nyumba kama yangu. Paka wa nyumbani sitaki kuwataja, maana nina mmoja na nampenda, ila naye ana hesabu yake.

Na taa. Kusini mwa Uingereza watafiti walilinganisha vichaka vya pembeni mwa barabara zenye taa na vile vya barabara zisizo na taa, wakakuta viwavi wamepungua kwa asilimia 47 pale penye taa. Kiwavi ndicho chakula ambacho ndege wengi hulishia makinda. Kwa hiyo hata ukiuacha mti, ukaacha na kiota, kisha ukamulika taa nyeupe usiku kucha kwa ajili ya usalama wa magari yaliyoegeshwa, umeacha nyumba ukaondoa jiko. Taa inayoelekezwa chini, yenye mwanga wa manjano uliofifia, inayozima pasipopita mtu, ingetosha. Haiongezi siku hata moja kwenye ratiba ya ujenzi.

Nije kwenye haiba ya mtaa, neno ambalo najua mkilisikia mnahema. Mna sababu ya kuhema. Limetumiwa vibaya. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani, ikihalalisha sheria ya kutenga maeneo ya nyumba za familia moja moja, iliandika kwamba jengo la ghorofa za kupangisha mara nyingi ni kimelea tu, linalonyonya uzuri uliotengenezwa na nyumba zilizolitangulia. Kimelea! Fikirini wapangaji wanaoishi ndani ya kimelea hicho. Tangu wakati ule, na mahali pengi, watu wenye viwanja vikubwa wamekuwa wakisema «haiba» huku maana yao ni «watu kama wale wasije hapa». Hata katika vikao vyetu vya mtaa nimelisikia likitumika hivyo, na nilipaswa kusimama nikasema jambo. Sikusimama.

Kwa hiyo niseme mimi ninamaanisha nini. Simaanishi rangi ya mabati wala nani anapanga na nani anamiliki. Namaanisha kivuli kinachomwezesha mzee kutembea mpaka kituoni saa nane mchana. Namaanisha upenyo kati ya nyumba mbili ambamo watoto hupita kwenda kuchezea ng'ambo. Giza la kutosha kuona nyota chache. Kelele za vyura zinazotwambia mvua imeanza kweli. Udongo ulioachwa wazi unaokunywa maji, kwa kuwa kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, ardhi yenye uoto wake huacha kama asilimia 10 tu ya mvua itiririke juu yake, lakini ikishasakafiwa kwa zaidi ya robo tatu huacha takriban asilimia 55 itiririke. Maji hayo hayapotei, yanamfuata jirani wa bondeni.

Tazameni orodha hiyo tena. Kivuli, upenyo, giza, kidimbwi, udongo. Ndivyo vitu hivyo hivyo anavyovihitaji popo, kalunguyeye, bundi na chura. Sikupanga iwe hivyo. Niliona tu siku moja nikitembea jioni kwamba kila mahali ninapopapenda katika mtaa huu kuna mnyama anapapenda pia, na kwamba vyote viko nje ya mipaka ya viwanja au juu yake. Viko kwenye kingo. Ndiyo sababu hakuna taarifa ya mradi hata mmoja inayovitaja: haviko ndani ya kiwanja cha mtu.

Hapa majirani zangu watanikasirikia, lakini nitasema. Ikiwa lazima nyumba ziongezeke, basi wakati mwingine jibu ni kwenda juu. Watafiti waliokadiria njia mbili za kukuza jiji la Brisbane, Australia, waliona kwamba kutawanya nyumba zenye bustani kubwa kungepoteza ndege wengi zaidi, hasa wale wasiozoea mji, kuliko kujenga kwa kukusanyika na kuyaacha maeneo makubwa ya kijani bila kuguswa. Bustani nyingi ndogo hazifanyi msitu. Mradi wa nne kati ya ile mitano ulikuwa wa ghorofa, ukatumia robo ya kiwanja na kuuacha ukanda wa kando ya mtaro jinsi ulivyo. Ndio huo tulioupinga kwa nguvu kuliko yote. Mkaukataa kwa ajili yetu, mkaidhinisha mahali pake nyumba kumi na mbili zinazofika mpaka ukingoni mwa mtaro, kila moja na ukuta wake. Tulishangilia siku ile. Sasa najua tulishangilia nini.

Wala nyumba na mnyama si maadui wa kuzaliwa. Huko Austin, Texas, ukarabati wa daraja la Congress Avenue uliomalizika mwaka 1980 uliacha mianya myembamba chini yake, bila kukusudia. Popo wakaikuta mianya hiyo inawafaa kama iliyopimwa kwa ajili yao. Watu waliogopa, wakataka wafukuzwe. Leo wakati wa kiangazi wanakadiriwa kufika milioni 1.5, na umati husimama kila jioni kuwatazama wakitoka. Ikiwa upenyo ulioachwa kwa bahati unaweza kufanya hayo, ule unaoachwa kwa makusudi utafanya nini? Uingereza kuna ndege aina ya teleka, wafananao na mbayuwayu, ambao hurudi mwaka hata mwaka kwenye tundu lile lile la paa. Wamepungua kwa zaidi ya nusu tangu mwaka 1995, na kuzibwa kwa matundu hayo wakati wa ukarabati ni moja ya sababu zinazotajwa. Dawa mojawapo ni tofali lenye tundu, linalojengewa ukutani pamoja na mengine. Na kalunguyeye anaomba shimo la sentimita 13 kwa 13 chini ya ukuta. Shimo la kupitisha mpira mdogo.

Najua mtaniuliza kama ninataka sheria mpya. England iliweka moja: tangu Februari 2024 miradi mikubwa lazima iache mazingira ya asili yakiwa bora kwa angalau asilimia 10 kuliko ilivyoyakuta, na faida hiyo itunzwe kwa miaka 30. Ina matundu yake, mojawapo ni kwamba mwendelezaji anaweza kulipia faida hiyo itokee mahali pengine kabisa, na popo wa hapa hawatapanda basi kuifuata. Lakini inalazimisha jambo moja ninalolitaka: kuhesabu kabla na kuhesabu baada.

Ninayoyaomba hayahitaji bunge. Kabla ya kuugusa ubao wa sita, chapisheni ramani moja ya mtaa mzima yenye miradi yote mitano juu yake, miti iliyokwisha kukatwa na iliyobaki, vidimbwi vilivyofukiwa na vilivyobaki, na kuta. Mchunguzi aje tena, lakini aje usiku, na aje baada ya mvua. Miti mizee yenye mapango iwekewe alama na mchoro uizunguke, badala ya miti kuupisha mchoro. Ukanda wa mtaro uandikwe kuwa ushoroba, wenye upana uliopimwa, ili mwombaji mwingine asiukute ukiwa ni nafasi iliyobaki tu. Mashimo ya kuta na taa za kuelekea chini viwe masharti ya kibali, viandikwe pale pale mnapoandika kina cha msingi, kwa sababu kinachoandikwa kama ushauri hakijengwi. Na mradi wa ghorofa ukirudi na robo yake ya kiwanja, usomeni upya. Safari hii nitakuja kikaoni, na nitasimama.

Kuna mti mmoja uliobaki kwenye kiwanja kinachongoja ubao wa sita, pembeni kabisa, karibu na bikoni. Mizizi yake iko pande zote mbili za mpaka. Jua likishazama, subirini dakika ishirini hivi, mtawaona popo wakichomoka kwenye pango lililo juu ya tawi la pili, mmoja mmoja kwanza, halafu wengi mpaka huwezi kuwafuata. Jana nilihesabu mpaka 64 kabla giza halijanizidi. Njooni mhesabu nanyi. Leteni ile ramani.

Wenu,
Mkazi wa mtaa wenye vibali vitano